Nani Aliyemwuliza Msichana wa Magharibi?

Tunapojadili tafsiri katika kumbi zetu za mihadhara, aghalabu tunaanza na Mabepari wa Venisi na kuishia papo hapo. Si vibaya. Kazi ile ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ingali inatufunza na kutukera kwa wakati mmoja, hasa neno la kwanza la anwani yake, lililomgeuza mfanyabiashara wa Shakespeare kuwa bepari. Leo, hata hivyo, namwomba msomaji anifuate hadi uwanja ambao wengi wetu hatuukanyagi kwa kuudhania kuwa wa watoto: michezo ya video ya Kijapani iliyotungiwa wasichana, na jinsi ilivyopelekwa kuuzwa Marekani na Ulaya. Huko, swali la mfasiri kumwamulia msomaji wake si la darasani tu. Lina bei dukani.

Wajapani huiita michezo ya otome, neno ambalo ningelifasiri kama mwanamwali. Mingi iko karibu na riwaya kuliko mchezo tunaoufahamu. Mchezaji husoma matini kwenye skrini, husikiliza sauti za waigizaji, na kila afikapo njia panda huchagua atakachosema au kutenda mhusika mkuu, ambaye ni msichana. Uteuzi huo ndio unaoamua atampenda nani na kisa kitaishaje. Mchezo uliofungua njia ni Angelique wa mwaka 1994, kazi ya kundi la Ruby Party katika kampuni ya Koei, lililoasisiwa na Keiko Erikawa. Ajabu ni kwamba Angelique umejaa Ulaya: jina la shujaa ni la Kifaransa, na mavazi na kasri ni za Kizungu kupita kiasi. Hata hivyo, mchezo huo wa 1994 haukutolewa rasmi kwa Kiingereza. Ulaya iliyobuniwa Japani haikuonekana kuwa na mnunuzi Ulaya kwenyewe!

Yamkini wachapishaji waliamini kwamba msichana wa Magharibi hana hamu ya michezo ya namna hii. Dhana hiyo ilikuwa na hila ya kujithibitisha, maadamu kisichoingia dukani hakina wa kukinunua, kisha huhesabiwa kuwa hakitakiwi. Mwaka 2006 kampuni ya Hirameki ilithubutu kuleta Yo-Jin-Bo kwa Kiingereza; kufikia 2008 ilikuwa imejiondoa katika biashara hiyo. Waliokuwa na shaka walipata ushahidi wao. Kisha, mwezi Februari 2012, kampuni ya Aksys ikatoa Hakuoki kwa ajili ya PSP, mtambo ambao mrithi wake alikuwa akiingia madukani Marekani mwezi uo huo. Ungetarajia anguko. Badala yake mchezo huo ulitolewa tena kwa Kiingereza kwenye mitambo mingine, na mwaka 2015 ukafuatwa na Amnesia: Memories na Code: Realize.

Nakaa na Hakuoki kidogo kwa sababu haukuwa chambo chepesi. Kisa kinatokea Kyoto katika miaka ya 1860, miongoni mwa Shinsengumi, askari wa upanga waliokuwa wakiutetea utawala uliokuwa ukiporomoka. Msomaji wa Ohio hana historia hiyo kichwani. Wajanibishaji hawakuihamishia hadithi Marekani wala kuwabatiza wahusika majina ya Kiingereza. Hata sauti ziliachwa za Kijapani. Walimwamini msichana kwamba atasoma, atachanganyikiwa kidogo, na atasonga mbele.

Hapa isimu yetu inaingia bila kubisha hodi. Shujaa wa Hakuoki, Chizuru, anasafiri kumtafuta babake akiwa amevaa mavazi ya kiume. Kijapani huweza kupita sentensi nyingi bila kumtaja mtenda kwa kiwakilishi. Kiingereza kila kinapomrejelea Chizuru kwa kiwakilishi hulazimika kuamua kama ni wa kiume au wa kike, na kila uamuzi humfichua au humficha. Kiswahili kingepita hapo kikipiga mbinja, kwani kiambishi chetu a- hakimwulizi mtu jinsia yake. Tumezoea kukiombea radhi Kiswahili mbele ya teknolojia. Ni vyema tukumbuke pia penye nafuu yetu.

Si kila mahali msichana aliaminiwa. Mchezo wa Harvest Moon DS Cute ulipotoka Japani mwaka 2005, mchezaji angeweza kufunga urafiki wa kudumu na mmoja wa wahusika wa kike na kuishi naye. Toleo la Kiingereza la mwaka 2008 liliondoa sehemu hiyo. Miaka kumi na miwili baadaye, toleo jipya la Friends of Mineral Town katika mfululizo uo huo lilifika Magharibi mwaka 2020, na kile ambacho matini ya Kijapani ilikiita urafiki, Kiingereza kilikiita ndoa waziwazi. Msomaji ana msimamo wake kuhusu ndoa hizo, na simwombi aubadilishe. Ninachomwomba atazame ni mjanibishaji: kwanza alisema chini ya matini asilia, kisha akasema zaidi yake, na mara zote mbili kwa niaba ya hadhira ile ile inayoitwa ya Magharibi.

Biashara nayo ina tafsiri yake, iliyo kimya zaidi. Mwaka 2008 Nintendo ilitoa Japani mchezo wa kuendesha duka la nguo, ambao anwani yake ilianza na neno wagamama, yaani mtu anayeshikilia matakwa yake, mbinafsi kidogo. Ulipofika Ulaya mwaka 2009 uliitwa Style Boutique, na Marekani mwaka uo huo Style Savvy. Mchezo ni ule ule: kununua bidhaa, kupima mfuko wa mteja, kutafuta faida. Kilichopotea ni yule msichana mkaidi wa anwani. Kwangu mimi hasara hiyo si ndogo kuliko kukata sura nzima, kwa sababu anwani ndiyo inayomwambia mnunuzi anadhaniwa kuwa nani.

Lawrence Venuti, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alimlaumu mfasiri anayejificha nyuma ya lugha laini. Nakubaliana naye, ila si kila mara. Katika Hakuoki wamo rasetsu, binadamu walionyweshwa dawa inayowapa nguvu na kuwatia kiu ya damu. Neno lenyewe lilifika Japani kutoka Bara Hindi pamoja na Ubuddha. Wajanibishaji waliteua jina la Kiingereza lenye asili ya miungu wa kike wa kisasi wa Kirumi. Ni ujanja, na umebeba mzigo usio wake.

Je, sisi tungewaitaje? Zimwi ni la ngano, na halijawahi kuwa mtu. Jini lina dini yake. Linanijia neno mumiani, mnyonya damu aliyewatisha watu wa pwani na bara nyakati za ukoloni. Kiu ya damu imo, dawa imo, na hofu imo. Lakini pamoja nayo anaingia mkoloni ambaye hakuwahi kuwako Kyoto. Nimeliandika mara mbili pambizoni mwa daftari langu, na mara mbili nimelifuta.