Mazoezi kwa Wenye Shinikizo la Mishipa ya Mapafu

Wenye maradhi ya shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, ambayo huulemea upande wa kulia wa moyo hata mtu akatweta kwa mwendo mdogo tu, zamani aghalabu walipewa na matabibu amri moja: pumzikeni. Rai hiyo ilitikisika mwaka 2006, pale wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, walipowagawa wagonjwa 30 waliokuwa wakitumia dawa, wakawazoeza nusu yao kwa kiasi na kwa uangalizi muda wa wiki 15, nao wakaongeza wastani wa mita 96 katika mwendo wa dakika sita, ilhali wenzao walirudi nyuma.

Atatokea mtu wa Mbooni kule Makueni, au wa Mutitu kule Kitui, aseme kwamba mama zetu, wapandao kutoka mtoni na mtungi wa lita 20 mgongoni, mazoezi wanayo tele. La hasha! Ile ni kazi isiyo kipimo wala pumziko, na hapana amwambiaye mgonjwa aketi ashikwapo na kizunguzungu.

Kipimo chenyewe cha mwendo wa dakika sita hakidai mitambo ya fahari: ushoroba wa mita 30, saa, na kile kidude cha kubana kidoleni kipimacho oksijeni. Kaunti ya Makueni, iliyothubutu kuanzisha mpango wake wa matibabu wa MakueniCare mwaka 2016, na jirani yake Kitui, sioni udhuru wao wa kutoiweka huduma hii ya mazoezi yenye uangalizi katika hospitali zao za rufaa, mradi uchunguzi wa moyo na dawa vitangulie, kwani asiyetibiwa kumhimiza zoezi ni kumhatarisha.