Ordinatere haikufa, ni ruhusa njo imekwisha

Mwezi wa Oktoba 2025 ulituletea tarehe mbili karibu-karibu. Tarehe 14, kampuni Microsoft ya Marekani ilisimamisha musaada wa Windows 10, ile programu kubwa yenye kuendesha ordinatere nyingi za dunia. Tarehe 16, Congo ilifungua tena uuzaji wa kobalti, safari hii kwa kota, kisha kuufunga tangu Februari. Katika migodi watu walizungumza ile ya pili tu. Sisi tunasema hata ile ya kwanza inagusa mufuko wa muchimbaji.

Juu ya nini? Juu ordinatere zenye familia zetu zinanunua, nyingi ni okazio kutoka Bulaya. Sasa hivi maofisi ya kule yanaondoa mashine zenye Windows mupya inakataa. Zikifika hapa kwa bei ya chini, muuzaji hatatuambia kila mara bei imeshuka juu ya nini.

Tueleze. Kila mwezi Microsoft ilikuwa inatuma dawa ya kuziba matundu yenye wezi wa intaneti wanapitia. Mashine ya Windows 10 itaendelea kuwaka kama zamani, lakini matundu mapya hayatazibwa. Kampuni ilitangaza nyongeza mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mwenye kujiandikisha tu. Mutoto anayeandika kazi ya masomo bila intaneti hana hatari kubwa. Mama anayefungua akaunti ya banki kwa ile mashine, yeye iko na hatari.

Wengine watasema: basi tuweke Windows 11. Hapo njo shida. Prosesa ni kichwa ya ordinatere, na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, zenye zilianza kuuzwa 2017. Inataka tena chipi ya ulinzi inayoitwa TPM 2.0. Microsoft inasema ni kwa usalama. Lakini mashine ya 2016, yenye nguvu ya kutosha, ilikataliwa ikiwa na miaka mitano tu. Haikuharibika.

Tuwe wa haki: kuhudumia prosesa za zamani ni kazi na makuta. Hata Linux, programu ya bure yenye watu wa dunia yote wanaitengeneza pamoja, inakata. Ilizaliwa 1991 juu ya prosesa Intel 386, na 2012 wenyewe waliamua kuiondoa ile 386. Agosti 2025, Debian 13, moja ya familia za Linux, iliacha kuwekwa juu ya mashine za Intel za biti 32. Wakati ule ule ikapokea RISC-V, aina mupya ya prosesa yenye kila mutu anaweza kutengeneza bila kulipa ruhusa ya maagizo yake. Lakini tazameni hesabu: 386 ilitoka 1985, ikaondolewa ikiwa na miaka 27. Apple nayo iliuza ordinatere za Intel mpaka 2023, na Juni 2025 ikatangaza kwamba macOS 26 ni ya mwisho kwao.

Kuna mutu atauliza: wakinunua mapya, si madini yetu yatauzwa? Kobalti iko kweli ndani ya betri za ordinatere. Lakini leo kobalti inaenda zaidi kwa magari ya umeme, na bei haipangwi na muchimbaji. Faida ile iko mbali. Hasara ya kununua mashine yenye haina musaada, hiyo inaingia nyumbani siku ile ile.

Basi kabla ya kutoa makuta, baba na mama, ombeni muuzaji awashe mashine na asome jina la prosesa. Kama ni Intel i5-6300U, tarakimu ya kwanza kisha kistari ni 6: kizazi cha 6, Windows 11 haiikubali. Ikianza na 8 ao 9, ni sawa. Ikianza na 1, someni tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha 10.

Na kama tayari muko na ya zamani, musiitupe. Ikiwa ni ya biti 64, Linux ya leo inaingia bila kulipa, na LibreOffice inafungua karibu barua zote za Word. Programu fulani za hesabu za kazi zilizotengenezwa kwa Windows zinaweza kukataa. Muulize kwanza, na muweke kopi ya picha na karatasi zenu pembeni.

Muuzaji akikataa kuwasha mashine mbele yenu, chukueni makuta yenu murudi nyumbani.