Jumuiya itenge fedha za kuchunguza swali la "Mimi ni nani?"

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili kukusanya majibu ya dodoso mjini Kigoma. Lilikuwa lile dodoso maarufu la kupima jinsi mtu anavyojithamini, lenye sentensi kumi, lililotungwa na Mmarekani Morris Rosenberg mwaka 1965. Nakala yetu ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu tusiyemjua. Tulipofika kwenye sentensi inayomtaka mtu aseme kama anatamani angejiheshimu zaidi, mama mmoja muuza dagaa alikunja uso, akamgeukia mwanafunzi: "Mwanangu, kwani umesikia nini kuhusu mimi?"

Mama yule hakukosea. Kwa Kiswahili, mtu anayejiheshimu ni yule anayejisitiri, asiyelewa ovyo, asiyetukana mbele ya watoto. Ni sifa unayopewa na wanaokutazama. Huko dodoso lilikozaliwa, sentensi ile inauliza jambo la ndani: kama moyoni mwako unajiona una thamani. Kwa hiyo mama aliulizwa, kwa lugha yake mwenyewe, kama anakiri kuwa na mwenendo mbaya. Akajibu hapana kwa ukali, na ukali huo ukaingia kwenye jedwali kama alama ya mtu anayejithamini sana.

Tatizo hili si la Kigoma peke yake. Mwaka 2005 watafiti David Schmitt na Jüri Allik walichapisha ulinganisho wa dodoso hilohilo katika mataifa 53, Tanzania ikiwemo, na wenyewe wakaeleza kwamba sentensi za kujishusha zilieleweka tofauti kutoka taifa moja hadi jingine. Lakini baada ya kugundua hivyo, nani alilipwa ili akae Kigoma, Bujumbura au Uvira atunge sentensi zinazofaa? Simjui, nami nimo katika kazi hii kwa muda mrefu.

Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini yeye aliyezongwa na bei ya unga. Linamhusu kwa sababu Jumuiya yetu imejengwa juu ya dhana fulani kuhusu nafsi za watu. Mkataba wa mwaka 1999 unasema ushirikiano wetu utamlenga mwananchi. Sasa tumefika nchi nane, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Tunaambiwa kila siku tujione Waafrika Mashariki. Je, watu wanajionaje? Mtoto aliyezaliwa Katumba au Mishamo, ambaye babu yake alikimbia Burundi mwaka 1972, na ambaye familia yake ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania, akiulizwa yeye ni nani anajibu nini? Anajibu vilevile mbele ya askari wa mpakani na mbele ya bibi yake? Mmakonde wa Kwale, aliyeishi Kenya miongo mingi bila kitambulisho hadi serikali ilipomtambua, alijihesabu nani siku ya kwanza alipokishika mkononi?

Maswali hayo ndiyo kazi ya mwanasaikolojia wa nafsi na utambulisho. Ukitafuta majibu, utakayoyapata yenye uzito yamelipiwa ng'ambo. Kitabu kinachotajwa zaidi kuhusu wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania na namna walivyojielewa ni cha Liisa Malkki, mwanaanthropolojia, kilichotoka Chicago mwaka 1995. Ndicho kilichoonyesha kwamba waliokaa kambini Mishamo walishika sana historia yao kama watu waliofukuzwa kwao, huku waliochanganyika na wenyeji mjini Kigoma wakijitambulisha kwa namna nyingi kadiri ya mahitaji. Utafiti unaolinganisha vijiji vya Busia, Kenya, na Meatu, Tanzania, ukaonyesha kwamba mchanganyiko wa makabila ulidhoofisha michango ya shule upande wa Kenya lakini si upande wa Tanzania, ni wa Edward Miguel wa California, mwaka 2004. Hata lile zoezi la kumwomba mtu ajaze mara ishirini sentensi inayoanza na "Mimi ni" lililetwa Kenya na watafiti kutoka Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1997: Wamaasai na Wasamburu walijieleza zaidi kwa ukoo, nafasi na jamaa zao, na wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi wakawa karibu zaidi na Wamarekani.

Sina ugomvi na watafiti hawa. Walifanya kazi nzuri, na bila wao tungekuwa na pengo kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba maswali yalichaguliwa na aliyelipa. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, na kutokana na hesabu zake ikaonekana kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani. Sisi tumo katika ile asilimia 88 inayokisiwa kutokea mbali.

Yeyote aliyewahi kuomba ruzuku anajua mambo yanavyokwenda. Tangazo linatoka kwa Kiingereza. Andiko linataka chuo kikuu mwenyeji chenye ofisi ya kusimamia fedha, na mara nyingi chuo hicho kiko Ulaya au Marekani. Mtafiti mkuu anakuwa wa huko, na mwenzetu anaandikwa mratibu. Anatafuta kibali, anaajiri vijana wa kuzunguka na vishikwambi, analipwa kwa siku, na mradi ukiisha majibu yanaondoka. Baada ya miaka kumi ya kazi hiyo ana vyeti vya shukrani vingi na makala machache yenye jina lake mbele. Kisha chuo chake kinamnyima kupanda daraja kwa sababu ya uchache wa makala.

Wenzetu wa huko wamelitatua hili kwa njia isiyo ya ajabu. Wana vyama vya kitaaluma vya uwanja huu, wana jarida lao la nafsi na utambulisho tangu mwaka 2002, na wana tuzo: moja kwa aliyetumikia uwanja maisha yake yote, nyingine kwa anayeanza. Tuzo ya anayeanza ndiyo ninayoionea wivu. Kijana wa miaka thelathini na mbili akiipata, chuo kinamwona, wafadhili wanasoma maandiko yake kwa macho mengine, naye anapata ujasiri wa kuendelea na swali moja kwa miaka kumi badala ya kurukia kila mradi unaopita. Kwetu kijana wa namna hiyo anafundisha madarasa ya mamia ya wanafunzi, na jioni anafanya ushauri wa kulipwa kwa mashirika ili apate karo ya watoto.

Vyombo vya kubadili hali hii tunavyo. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki liko Kampala, Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Jumuiya iko Kigali, Kamisheni ya Kiswahili iko Zanzibar. Baraza liliwahi kusimamia mpango wa utafiti wa bonde la Ziwa Victoria kwa fedha za Sweden, hivyo kugawa ruzuku si jambo geni kwake. Ninapendekeza hivi vitatu vikae pamoja vitenge ruzuku ndogo kila mwaka kwa utafiti wa utambulisho, kwa sharti kwamba timu itoke nchi mbili au zaidi, mtafiti mkuu awe wa chuo cha ukanda huu, na zana za utafiti zitungwe kwa Kiswahili au lugha ya wahojiwa kwanza, zisiwe tafsiri. Andiko lenyewe liruhusiwe kwa Kiswahili. Wakuu wa nchi walikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Sielewi kwa nini hadi leo mtu aombe kwa Kiingereza ruhusa ya kuwahoji Waswahili.

Pamoja na ruzuku iwepo tuzo ya mtafiti anayeanza, yenye fedha za kumpunguzia vipindi vya kufundisha kwa miaka mitatu. Fedha za kumpa hotuba na chakula cha hotelini zisiwemo.

Watasema Jumuiya haina fedha, na kweli nchi wanachama zimezoea kuchelewesha michango. Lakini Umoja wa Afrika ulikwisha kukubaliana kila nchi itumie asilimia moja ya pato lake kwa utafiti, na Kenya katika sheria yake ya mwaka 2013 ikajiwekea asilimia mbili. Ninachoomba hapa ni punje ndani ya gunia hilo.

Na wakati fedha zinatafutwa, liko jambo lisilohitaji hata shilingi. Mhadhiri wa Kisumu anayetaka kuhoji watu Musoma anahitaji kibali cha Tanzania hata kama anacho cha Kenya, na mwenzake wa Mwanza akivuka anaanza upya Nairobi. Samaki wa ziwa hilohilo wana utaratibu wa pamoja. Mawaziri wanaohusika wakikutana tena Arusha, waanze na kibali kimoja.