Kocha asiyebeba kombe: Mariucci na ugomvi wa wageni katika hoki ya Marekani

Tangu Mwezi wa 8 mwaka wa 2025, iniversite za Marekani zinaruhusiwa kuchukua wachezaji wa hoki ya barafu waliopita katika ligi kubwa za vijana za Kanada. Kwa miaka mingi mulango huo ulikuwa umefungwa: vijana wa ligi hizo wanapokea feza kidogo, kwa hiyo walihesabiwa kuwa watu wa kazi, si wanafunzi. Sheria ilibadilishwa Mwezi wa 11 mwaka wa 2024, na matunda yakaonekana haraka. Gavin McKenna, kijana wa Yukon mwenye jina kubwa kule Kanada, alichagua iniversite ya Penn State akiwa na miaka 17.

Washabiki wanafurahi, na wana haki. Lakini mutu akisikia wakubwa wa muchezo wanasema kwamba jambo hili ni jipya, amukumbuke John Mariucci. Ugomvi huu ulimukuta tayari miaka 70 iliyopita.

Mariucci alizaliwa mwaka wa 1916 katika Eveleth, muji mudogo wa migodi ya chuma kaskazini ya jimbo la Minnesota, katika familia yenye asili ya Italia. Ni muji wa namna inayojulikana: watu wa luga mbalimbali wanakusanywa na kazi moja, na watoto wao wanakutana kwanza kwenye muchezo. Kule baridi ni kali, barafu inakaa miezi mingi, basi muchezo ulikuwa hoki. Muji ule mudogo ulitoa magolikipa kama Frank Brimsek wa Boston na Mike Karakas wa Chicago. Mariucci alicheza kwenye iniversite ya Minnesota, na mwaka wa 1940 ekipe yao ilimaliza musimu bila kushindwa hata mara moja. Kisha akaenda Chicago Blackhawks, katika ligi ambamo karibu kila muchezaji alikuwa Mukanada. Akafikia kuwa kapiteni. Hakuwa mutu wa kupapasa: mapigano yake ya mwaka wa 1946 na Jack Stewart wa Detroit yanasimuliwa mupaka leo.

Mwaka wa 1952 alirudia Minnesota kuwa kocha. Musimu wake wa kwanza alifika fainali ya Marekani yote na kupigwa na Michigan, 7-3. Musimu uliofuata, fainali tena: RPI ikamushinda 5-4 katika dakika za nyongeza. Alifundisha mupaka mwaka wa 1966, na hakupata kombe hilo hata moja.

Sababu moja ilikuwa wazi. Ekipe nyingi za magaribi zilijaza Wakanada, wengine wenye miaka zaidi ya 20, waliokwisha kucheza miaka mingi katika ligi ngumu. Mariucci alikuwa na vijana wa miaka 18 waliotoka shule za sekondari za Minnesota. Hata hivyo, tusidanganyane kwamba ilikuwa Kanada tu: ndani ya Michigan iliyomupiga mwaka wa 1953 kulikuwa John Matchefts na golikipa Willard Ikola, wote wawili watoto wa Eveleth! Nyota wa kwao nao walikuwa wanaweza kuondoka.

Mwaka wa 1958 ligi yao ilivunjika juu ya jambo hilo, Minnesota na Michigan zikatoka. Musimu huohuo Denver, iliyojaa Wakanada, ilikuja kubeba kombe katika Minneapolis, kwenye uwanja wa Mariucci mwenyewe. Kwa miaka mingi Minnesota ilikataa kupanga michezo na Denver. Hapo kocha alikosea. Kijana anakua kwa kukutana na mwenye nguvu kumupita, hapana kwa kumukimbia. Tena Mariucci mwenyewe alikuwa na Wakanada wachache katika ekipe yake, kwa hiyo haikuwa chuki ya pasiporti. Aliuliza jambo lingine: iniversite ya jimbo inaishi kwa kodi ya wazazi wa jimbo, nafasi zake ni za nani?

Na swali hilo hakuliacha kwenye maneno. Alizunguka miji ya Minnesota, akisukuma wakubwa wajenge majumba ya barafu na shule zianzishe ekipe. Kazi kama hiyo haiandikwe kwenye orodha ya makombe, na ndiyo sababu inasahauliwa upesi. Lakini mwaka wa 1956 aliongoza Marekani katika Olimpiki ya Cortina, Italia. Walipiga Kanada 4-1, John Mayasich wa Eveleth akafunga mabao 3, wakarudi na medali ya feza. Mumoja wa wachezaji wake wa Minnesota, Herb Brooks, aliipatia iniversite hiyo kombe la kwanza mwaka wa 1974. Mwaka wa 1980 Brooks aliongoza Marekani kushinda Umoja wa Kisovieti na kubeba zahabu. Kati ya wachezaji wake 20, 12 walikuwa watoto wa Minnesota.

Wale wanaotetea sheria mupya watasema McKenna ni kijana, si mutu muzima anayekuja kuonea watoto. Ni kweli. Lakini si kila anayetoka ligi hizo ni McKenna. Wengine wanafika na miaka 20, na misimu mitatu ao mine ya michezo migumu nyuma yao, kukalia nafasi ambayo kijana wa miaka 18 alikuwa anangojea. Kuwafungia mulango tena hakutasaidia. Ila iniversite inayookota matunda ya Kanada bila kulipa mulimaji, iseme pia itaweka nini katika majumba ya barafu ya miji midogo, na itabakiza nafasi ngapi kwa watoto wa pale. Mariucci alikufa mwaka wa 1987. Uwanja wa Minnesota unabeba jina lake, na viongozi wanaokaa pale kila juma wanaweza kuanza kujibu.