MIRATHI NA AMANA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliwaambia hayo wafanya biashara. Leo twawaambia wanachama wenzetu, kwani chama kisichoandika kilicho chake hukitafuta siku ya msiba.

Kiongozi afapo huacha vitu vya namna mbili. Kwanza ni mali yake: nyumba, shamba, fedha za jasho lake. Hiyo ni mirathi, na njia yake katika sharia ya Kiislamu yajulikana: mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi kwa mafungu yao. Pili ni amana: madaftari ya mikutano, barua alizoandikiwa kwa cheo chake, mihuri, hesabu, na hati za viwanja vilivyonunuliwa kwa michango. Hivi havikuwa vyake alipokuwa hai. Vipi viwe mirathi alipofariki?

Walioacha jambo hili bila mpaka wamelilipia. Huko Marekani, karatasi za Rais zilihesabiwa kwa desturi kuwa mali yake mwenyewe. Richard Nixon alipojiuzulu mwaka 1974, nyaraka na kanda zake zilishikwa kwa sheria. Akashitaki, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba astahili fidia. Alifariki mwaka 1994 shauri halijakwisha, na mwaka 2000 Serikali ikakubali kulipa mirathi yake dola milioni 18. Wananchi walizilipia karatasi za ofisi yao wenyewe! Sheria iliyopitishwa mwaka 1978 ndiyo iliyokata mzizi wa fitina, kwa kuzifanya nyaraka za Marais walioshika madaraka tangu 1981 kuwa mali ya taifa.

Nelson Mandela, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2013, aliacha wasia ulioandikwa na wasii watatu. Uliposomwa mwaka 2014, mali yake ilikadiriwa kuwa rand milioni 46. Hata hivyo shauri juu ya nyumba ya Qunu lilifika mahakamani. Ikiwa wasia ulioandikwa haukuzuia ugomvi, itakuwaje pasipo na maandishi?

Kwa hiyo twasema: kila tawi liwe na daftari la amana, nakala mbili, moja ofisini na moja kwa kiongozi, likaguliwe kila mwaka na kutiwa saini.

Tukumbuke pia heshima ya nyumba. Mjane aliyekaa eda haifai kujiwa na wajumbe wa kupekua makasha ya mumewe. Daftari likiwapo, mtu mzima mmoja atakwenda na orodha, akabidhiwe vya chama mbele ya warithi, atie saini, aondoke kwa salama. Lisipokuwapo, chama kitaonekana chapora, na warithi wataonekana wamekhini, na huenda pande zote mbili hazina kosa.

Vya warithi ni vyao, hata tukivihitaji. Vya chama ni vya wanachama, hata vikiwa chini ya kitanda cha mkubwa. Na kiongozi atakayekataa kutia saini angali hai, muulizeni sababu angali hai.