Barua ya wazi kuhusu vidonge vilivyokatwa kwa mkasi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda,
Kigali.

Mheshimiwa,

YAH: UUZAJI WA TRAMADOL MPAKANI

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Gisenyi, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Goma, Kongo. Jioni moja majirani waliniita kwa kijana mbeba mizigo aliyeanguka njiani. Mwili ulikuwa ukimkakamaa na kutetemeka, povu limemjaa mdomoni. Tulimlaza ubavu hadi degedege likatulia, tukamkimbiza hospitali. Namshukuru Mungu alipona. Mfukoni mwake tulikuta vidonge viwili ndani ya kipande cha pakiti yake ya karatasi ya fedha, kilichokatwa kwa mkasi. Jina la dawa, kipimo na tarehe ya kuisha vilibaki upande wa pili, kwa muuzaji. Nilipomuuliza baadaye, alisema: "Ni tramadol, mama. Nikiimeza, gunia halina uzito."

Tramadol ni dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, ila hutengenezwa maabara. Ikiandikwa na daktari inasaidia, na kwa kawaida mtu mzima hatakiwi kupita miligramu 400 kwa siku. Ikizidi huleta degedege. Ikikutana na pombe au dawa za usingizi, pumzi hupungua kidogo kidogo hadi ikakatika, na aliye karibu hudhani mtu amelala tu. Mwili ukishaizoea, kuiacha ghafla ni jasho, kuharisha na kukesha.

Kidonge cha kawaida ni miligramu 50, lakini Afrika Magharibi vimekamatwa hata vya 225. Kijana aliyezoea kumeza viwili atajuaje leo kapewa vya ngapi, kama maandishi yamekatwa? Ndiyo maana ule mkasi unanitisha kuliko dawa yenyewe.

Najua sheria haijanyooka. Mofini na fentanyl zimo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, tramadol haimo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameijadili zaidi ya mara moja, wakahofia kwamba ikibanwa, wagonjwa wa nchi maskini watabaki na maumivu yao. India, inakotoka kwa wingi, iliiweka chini ya sheria yake ya mihadarati mwaka 2018. Mwaka huohuo Sheria yetu ya Adhabu iliweka kifungo cha mwaka 1 hadi 2, au kazi za jamii, kwa anayetumia dawa za kulevya.

Mheshimiwa, siombi tramadol ipigwe marufuku. Nchi hii ilipitisha sera ya kuwatunza wagonjwa wasiopona mwaka 2011, na nimeona mgonjwa wa saratani akipata usingizi kwa mofini ya maji. Dawa hizi ni rehema zikipita mkono sahihi. Ninaomba mambo matatu.

Kwanza, wakaguzi wako wahakikishe hakuna tramadol inayotoka dukani bila cheti cha daktari, wala kidonge kinachotolewa bila jina, kipimo na tarehe yake.

Pili, onyo liandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na ndiyo lugha ya soko letu na Goma. Onyo la Kiingereza halimfikii mbeba gunia.

Tatu, mketi na Wizara ya Afya ili aliyenaswa na vidonge hivi aonwe na daktari kabla ya kuonwa na polisi. Tanzania ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni pale Muhimbili mwaka 2011, na methadoni nayo ni dawa ya jamii hiihii ya mofini. Mraibu ni mgonjwa, atibiwe.

Kile kipande cha karatasi bado ninacho. Akija mkaguzi wako Gisenyi, nitamkabidhi mkononi.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Gisenyi, Rubavu.