Kimya cha Mwigizaji

Juma lililopita binti wa kaka yangu alinijia na swali. Shuleni alisifiwa sana kwa michezo ya kuigiza, na sasa anataka kuacha masomo ya uhazili ili akacheze filamu. "Baba mdogo," aliniuliza, "aliyeweza jukwaani atashindwa nini mbele ya kamera? Si kuigiza ni kule kule?"

Mama yake alinitazama, akingoja nimkataze. Sikumkataza. Nilimwomba tulinganishe kazi tatu za mwigizaji, nikachagua kipimo kimoja: kimya.

Tulianza na redio. Mwigizaji wa redio hana uso, mavazi wala mikono. Mchezo wa "Twende na Wakati" ulianza kutangazwa na Radio Tanzania mwezi Julai 1993, wakati Tanzania Bara haijapata televisheni. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, ambaye tamaa zake na mwisho wake wenye majuto vilimfikia msikilizaji kwa njia ya sikio tu. Ni kweli kwamba mwigizaji wa redio hushika maandishi mkononi, lakini karatasi isisikike. Akikasirika, asiipigie maikrofoni kelele. Akiondoka chumbani, hana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua huku akisema. Kimya kwake ni hatari. Akinyamaza kupita kiasi, msikilizaji hudhani mwenzake ametoka, au betri zimekwisha. Kwa hiyo hata kunyamaza kwake hukujaza kwa pumzi au kwa mlio wa kiti.

Jukwaani mambo ni mengine. Hapo hakuna karatasi, wala hakuna kurudia. Mnong'ono wenyewe sharti ufike safu ya nyuma. Watazamaji wakicheka, mwigizaji hungoja. Wakianza kukohoa, hujua kuwa wamemponyoka. Kimya cha jukwaani ni mali ya watu wote waliomo ukumbini. Akikishika vema, hakuna anayethubutu kujikuna. Akikichelewesha kidogo, mtu mmoja wa nyuma hucheka, na kazi yote ikaharibika mbele ya macho yake.

Kwenye filamu, anayengojewa ni kamera. Mazishi huweza kupigwa picha leo, na ugonjwa wa marehemu juma lijalo. Mwigizaji alie kwa msiba ambao bado hajauishi. Tena alie mara tano, na kila mara mkono ushike kitambaa vile vile. Ishara iliyopendeza jukwaani, kamera ikisogea karibu, huonekana kama kichekesho. Lakini kimya hapa ni utajiri. Katika filamu ya "Maangamizi" ya mwaka 2001, Amandina Lihamba, msomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimwigiza Samehe, mgonjwa aliyejifungia katika ukimya. Nafasi ya namna hiyo redioni ingekuwa shida kubwa. Kwenye filamu, macho hutosha.

Binti alinisikiliza, ila hakuridhika. Ndipo nikamwambia asimame nyuma ya pazia, amwigizie bibi yake mke aliyeachwa. Alianza vizuri. Alipofika penye uchungu alinyamaza, akainamisha kichwa, machozi yakamlengalenga. Mimi nilimwona, nikasisimka. Bibi, aliyekuwa upande wa pili, akauliza, "Mjukuu wangu, umekwenda wapi?"

Tulicheka sote, na mama yake zaidi. Baadaye walikubaliana kwamba atamaliza uhazili kwanza, kisha ataomba nafasi katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyorithi Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981.

Wazazi wenzangu, mtoto akitamani kuigiza tusikimbilie kusema ni uhuni. Wala tusimwachie aamini kwamba sura nzuri yatosha. Tumwulize kama yu tayari kujifunza kusema, na kujifunza kunyamaza mara tatu.

Tukutane Jumapili ijayo.